Hiyo "kwa hiyo" yako imetoka wapi?

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa sheria ameelewa swali ama amekariri tu noti za mwenzake, achana na majina ya kesi alizotaja, angalia viunganishi vyake. Vile vineno vidogo vidogo: kwa hiyo, hata hivyo, ilhali, kwa sababu, isipokuwa. Hapo ndipo mtu hujianika. Kesi unaweza kukariri rundo zima usiku wa kuamkia mtihani, lakini "kwa hiyo" haikaririki, manake lazima ujue ni nini kimezaa nini.

Mimi ni wakili hapa Kisumu, na hawa vijana wa sheria wakija kwetu atachimenti ama pupilaji, yaani kujifunza kazi ofisini, ama hata mtoto wa jirani yuko mwaka wa pili na ana asainimenti ya Jumatatu, wananiletea nisome. Wengine wanatuma kwa WhatsApp saa tano usiku, "samahani wakili, angalia tu kidogo." Haya, naangalia. Na ugonjwa ninaoukuta ni ule ule, awe anasomea hapa mjini, Nakuru ama Eldoret. Najua mtihani wenyewe unafanywa kwa Kizungu, lakini mifano nitatoa kwa Kiswahili kwa sababu shida iko kwa mawazo, si kwa lugha, na isitoshe Kifungu cha 7 cha Katiba kimeshasema Kiswahili ni lugha rasmi, na ukienda ukae nyuma kwa korti ya hakimu asubuhi moja tu utasikia Kiswahili kikifanya kazi ya sheria bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mtu anaambiwa na lekchara kwamba esei yake "haina mtiririko", basi anaenda anatafuta orodha ya viunganishi, anarudi anavimwaga juu ya esei ile ile. Aidha hapa, vilevile pale, zaidi ya hayo kule. Siku hizi hata hahitaji orodha, hizi programu za AI zinamwagia zenyewe, kila aya inaanza na zaidi ya hayo. Sentensi zimepangwa foleni vizuri lakini hakuna inayoongea na mwenzake.

Wacha nikuonyeshe. Kuna swali huwa nawapa. Jamaa ameacha simu yake kwa kibanda cha kuchaji pale Kondele asubuhi, jioni anarudi mbio, anachukua simu nyeusi kwa rafu, analipa, anaenda. Kumbe ile si yake, ni ya mama fulani, zinafanana tu. Mama anaripoti polisi. Je, jamaa ameiba? Jibu ninaloletewa mara nyingi linakuwa namna hii:

"Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza maana ya wizi. Aidha, mshtakiwa alichukua simu isiyokuwa yake. Zaidi ya hayo, simu ni kitu kinachoweza kuibiwa. Vilevile, Kifungu cha 8 kinazungumzia dai la haki. Kwa hiyo, mshtakiwa ana hatia ya wizi."

Isome tena polepole. Kila sentensi ni ya kweli ukitoa ile ya mwisho. Sheria ametaja sawasawa, vifungu ni vyenyewe, hata Kifungu cha 8 amekiona ambacho wengi hawakioni kabisa. Lakini amekiingiza na "vilevile", yaani amekihesabu kama tofali lingine la kumjengea mshtakiwa ukuta, na kumbe hicho kifungu kiko upande wa mshtakiwa! Kifungu cha 8 kinasema mtu hana hatia kwa kosa la mali kama alichofanya alikifanya kwa dai la haki la dhati, yaani akiamini kweli kwamba ana haki na kile kitu, bila nia ya kulaghai. Hapo ilistahili kuwa "lakini". Neno moja tu na jibu lingegeuka. Mwenye kusahihisha akiona "vilevile" hapo hawezi kujua kama huyu kijana alielewa akakosea kuandika, ama hakuelewa chochote, na mtihani hauna nafasi ya kumuita umuulize.

Halafu ile "kwa hiyo". Imetoka wapi? Kwa nini ana hatia? Ni kama makanga anakudai nauli na gari bado iko steji, hatujaenda popote. Sasa linganisha na hii:

"Ili iwe wizi, Kifungu cha 268 kinataka kitu kiwe kimechukuliwa kwa ulaghai na bila dai la haki. Mshtakiwa alichukua simu isiyokuwa yake. Lakini aliichukua akiamini ni yake, kwa sababu simu mbili zile zilikuwa za rangi moja, zilikaa rafu moja, naye alikuwa ameacha yake papo hapo asubuhi na akalipia kuchaji kabla ya kuondoka. Kifungu cha 8 kinamkinga mtu aliyeshika mali kwa imani ya aina hiyo. Kwa hiyo, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe kwamba baadaye aligundua si yake na bado akaifanya yake, wizi haujathibitishwa."

Haina madoido. Hakuna aidha hata moja. Lakini ukinipa hizo karatasi mbili bila majina nitakuambia nani atapita, na sababu kubwa ni ile "kwa sababu" iliyo katikati. Angalia kilichokuja nyuma yake: rangi, rafu, asubuhi, kulipa. Yale mambo ya swali, yale lekchara aliyoyaweka makusudi kwa swali akingoja kuona nani atayaokota. "Kwa sababu" ndiyo inayokulazimisha kuyaokota. Huwezi kuandika "kwa sababu" halafu uweke nukta, kalamu yenyewe itakukataa.

Nyinyi nyote mmefundishwa IRAC, zile hatua nne za kujibu swali la sheria: suala, sheria, matumizi, hitimisho. Nimeona watu wakiandika suala vizuri, sheria ukurasa mzima, halafu hitimisho mstari mmoja, na ile A ya katikati, yaani matumizi, kuipeleka sheria kwa mambo ya swali, ambayo ndiyo imebeba maksi nyingi, haipo. Imerukwa. Na mwenyewe hajui ameiruka kwa sababu "kwa hiyo" imemdanganya kwamba amefika. Mimi nawaambia wakimaliza kuandika wachukue kalamu ya rangi wazungushie duara kila "kwa hiyo", halafu wapande juu watafute "kwa sababu" yake, iwe imeandikwa kwa neno hilo ama kwa maana. Kama haiko, futa hiyo kwa hiyo mpaka uipatie msingi. Inauma, hasa ukiwa na masaa mawili tu na maswali bado, lakini afadhali uache swali moja likining'inia kuliko kuhukumu watu bila sababu kwa karatasi nne.

Na kabla hata ya kuandika, kuna kusoma. Viunganishi vya kwenye sheria yenyewe ndivyo vigumu zaidi kuliko vyako, na watu wanavipita mbio kama matuta ya Nyalenda usiku. Rudi kwa hicho Kifungu cha 268: kwa ulaghai NA bila dai la haki. Hiyo "na" inamaanisha upande wa mashtaka lazima uthibitishe vyote viwili, kimoja hakitoshi. Ukikisoma kama "au" umeshamfunga mtu asiye na hatia, na adhabu ya wizi wa kawaida kwa Kifungu cha 275 ni hadi miaka 3.

Na usifikirie "na" ni rahisi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika majaji 6 kwa 3 kwa sababu ya "na" moja, kwa kesi inaitwa Pulsifer. Kuna sheria kule inayomruhusu jaji kushuka chini ya kifungo cha lazima kwa makosa fulani ya dawa za kulevya, mradi mshtakiwa awe hana A, B na C, hayo yote yakiwa ni mambo ya makosa yake ya zamani. Bwana Pulsifer alikuwa na A na B, lakini C hakuwa nayo. Akasema, mimi basi sina A, B na C kwa pamoja, nipunguzieni. Serikali ikasema hapana, maana yake ni usiwe na A, usiwe na B, na usiwe na C, ukiwa na mojawapo tu umekosa. Ukiniuliza mimi nilivyoisikia mara ya kwanza nilikuwa upande wa Pulsifer, manake mtu akiniambia "usinywe pombe na kuendesha gari" nasikia nimekatazwa mambo mawili yakiwa pamoja. Lakini mahakama ikaenda na serikali, Jaji Kagan akiandika kwa niaba ya walio wengi, naye Jaji Gorsuch akapinga kwa nguvu sana. Fikiria watu wazima tisa, wamesoma wakamaliza, na "na" imewashinda kukubaliana. Halafu wewe unaniletea rasimu ya mkataba ina "na/au" kila mahali eti kwa usalama. Usalama wa nani? Ukiandika "mpangaji atalipa maji na/au stima" umemwachia jaji akuamulie kitu ambacho wewe ndiye uliyelipwa uamue.

"Au" nayo ina yake. Kule Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa walidai malipo ya ovataimu. Sheria ya huko ilikuwa imeondoa kazi kadhaa kwenye ovataimu, kukausha, kuhifadhi na kadhalika, na mwisho wa orodha ikasema "kufungasha kwa usafirishaji au usambazaji" wa vyakula. Madereva walikuwa wakisambaza, hawafungashi. Sasa ile "au" inaunganisha nini? Ni kufungasha kwa ajili ya vitu viwili, ama ni kazi mbili tofauti, kufungasha moja na kusambaza nyingine? Watu wengi wanaijua kama kesi ya koma, kwa sababu koma moja kabla ya "au" ingemaliza ubishi. Mahakama ya rufaa mwaka 2017 iliona maneno hayajulikani yanaelekea wapi, ikawapa madereva, na mwaka uliofuata wakamalizana na kampuni kwa dola milioni 5.

Nyumbani sasa. Kiunganishi ninachokipenda kuliko vyote kwa Katiba yetu ya 2010 ni "isipokuwa" ya Kifungu cha 49(1)(h). Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti yanayofaa, akingoja mashtaka ama kesi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Mwanafunzi mmoja atasoma mpaka kabla ya hiyo isipokuwa aandike "kila mshtakiwa lazima apewe dhamana", mwingine ataruka moja kwa moja nyuma yake aandike "dhamana hutolewa kama hakuna sababu nzito". Wa kwanza amekosea wazi. Wa pili anaonekana yuko sawa lakini mimi namkata maksi, kwa sababu "kama" yake inafanya dhamana iwe kitu cha kuombwa na kustahiliwa, wakati "isipokuwa" inaanza na haki halafu inamwambia wa upande wa mashtaka, wewe ndiye unataka azuiliwe, leta hizo sababu. Nani abebe mzigo, hilo limeamuliwa na kiunganishi. Ndiyo maana siku hizi hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuomba dhamana na ikasikilizwa, jambo ambalo katiba ya zamani ilikuwa imelifungia.

Mwenzake ni "licha ya". Kifungu cha 24 kinakuambia haki zinaweza kuwekewa mipaka na kwa masharti gani, unapumua, unageuza, Kifungu cha 25 kinaanza na licha ya chochote kingine kwenye Katiba hii, haki hizi hazitawekewa mipaka: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na ile amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya mahakama. Ukiona "licha ya" jua kinachofuata kinashinda. Ukiona "kwa kuzingatia kifungu fulani" ni kinyume, hicho kifungu kingine ndicho kinashinda. Watu wanavichanganya hivi viwili kila mwaka na sijui kwa nini, vinaenda pande tofauti kabisa.

Haya, "ilhali". Hii ndiyo ya kutofautisha kesi na watu hawaitumii vya kutosha. Kila mtu anajua kesi ya Donoghue na Stevenson ya 1932, mnywaji akimdai mtengenezaji, konokono ndani ya chupa ya soda ya tangawizi kule Paisley, Scotland, na Lord Atkin, yule jaji aliyesema lazima umjali jirani yako, yaani anayeweza kuumizwa na unachofanya. Kila mtu anaitaja. Wachache ndio wanaofanya nayo kazi. Tuseme swali linakuambia mteja amepewa soda kwa hoteli karibu na stendi ya Kisumu, chupa ya glasi nyeupe, uchafu unaonekana hata ukiwa mbali, na akainywa. Wengi wataandika "kama ilivyokuwa katika Donoghue, mtengenezaji anawajibika." Haraka ya nini? Kule chupa ilikuwa ya rangi nzito, hakuna aliyeweza kuona ndani, si mwenye mkahawa wala yule dada aliyeinywa, na Lord Atkin alilitia hilo maanani, kwamba bidhaa inamfikia mnywaji bila nafasi ya maana ya kuikagua katikati. Sasa andika: "Katika Donoghue chupa haikuonyesha kilicho ndani, ilhali hapa uchafu ulionekana wazi kabla ya kufunguliwa, kwa hiyo mtengenezaji ana nafasi ya kusema mlalamishi mwenyewe angeuona." Hujasema atashinda, umeonyesha tu kwamba umeona kesi mbili hazifanani mahali panapojalisha. Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko aya nzima ya historia ya konokono (ambaye, kwa taarifa yako, hakuwahi kuthibitishwa kortini kwamba alikuwepo, kesi ilifika juu ikiamua swali la sheria tu, zile habari zikichukuliwa kama alivyodai).

"Hata hivyo" nitaipitia haraka. Moja kwa aya inatosha. Ukiweka tatu msomaji anageuzwa kushoto, kulia, kushoto, mwishowe hajui wewe uko wapi. Ukiwa na pande mbili, ile dhaifu itangulize na "ijapokuwa" uimalize, halafu simama na yako. "Ijapokuwa mkataba haukuandikwa, mnunuzi alishalipa nusu na magunia ya mahindi yakaanza kupakiwa." Sasa igeuze: "Ijapokuwa mnunuzi alishalipa nusu na magunia yakaanza kupakiwa, mkataba haukuandikwa." Mambo ni yale yale, na wewe mwenyewe umesikia nani anashinda kila mara. Hii mawakili wanaifanya kila siku kwa mawasilisho yao na haiitwi kudanganya, inaitwa kupanga.

Kuna hii ya "aidha" lazima niiseme manake inanikera. Huku kwetu watu wameigeuza ikawa ya kuchagua, "aidha alipe au aondoke", kwa sababu inafanana kwa sikio na neno la Kizungu. Kwa maongezi ya kibaraza sawa, hakuna atakayekufunga. Lakini nimeona barua ya kumdai mtu imeandikwa "aidha utalipa deni au utarudisha pikipiki", mwenye kuandika akimaanisha kimoja kati ya viwili, na anayeijua aidha kwa maana yake ya "pia" akabaki anasoma mara ya pili na ya tatu akitafuta hii pia imetoka wapi. Kama unachagua andika "ama... ama", ama "au... au". Zimekuwepo, hazilipishwi.

Swali ninaloulizwa sana na wa mwaka wa kwanza ni kama inaruhusiwa kuanza sentensi na "lakini", kwa sababu mwalimu wa shule ya upili alikataza. Inaruhusiwa. Ingia kwa tovuti ya Kenya Law ufungue hukumu chache za Mahakama ya Rufaa iliyoketi hapa Kisumu, utaona majaji wakianza nayo, "but" ya Kizungu, bila wasiwasi wakati wanataka tu kugeuka haraka na hawana haja ya ile "hata hivyo" nzito nzito. Kama lekchara wako ndiye amekataza, mpe "hata hivyo" yake mpaka matokeo yatoke.